Injini Moja kwa Mgeni na Mzoefu

Katika Kisiwa cha Man, kilicho baharini kati ya Uingereza na Ireland, mashindano ya pikipiki ya TT hufanyika kwenye barabara za kawaida zilizofungwa kwa muda. Mzunguko mmoja una urefu wa zaidi ya kilomita 60, unapita vijijini na mlimani, kando ya kuta za mawe na nguzo za umeme. Tangu 2012 kumekuwa na shindano la pikipiki zenye injini ya silinda mbili, na kwa miaka mingi injini iliyotamba humo ni ya Kawasaki ya sisi 649, ile iliyotoka kwenye pikipiki ya barabarani iitwayo ER-6. Madereva wake wamevuka wastani wa maili 120 kwa saa katika mzunguko mzima, karibu kilomita 193. Injini hiyo hiyo, ikiwa katika hali yake ya dukani, ndiyo ambayo shule nyingi za udereva nchini Uingereza zimewakabidhi wanafunzi ambao wiki moja kabla walikuwa hawajui gia ya pili iko wapi.

Inakuwaje chombo kimoja kiwafae watu wawili waliotengana namna hiyo? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba pikipiki hizi ni za wastani: nguvu ya wastani, uzito wa wastani, bei ya wastani, basi kila mtu ataridhika nazo. Jibu hilo halinitoshi. Vitu vya wastani viko tele duniani na vingi havimridhishi yeyote. Ninavyoona mimi, mgeni na mzoefu wanakutana hapa kwa sababu wanachokitafuta ni kitu kimoja, ingawa kila mmoja anakitaja kwa jina lake. Wote wawili wanataka kujua mapema, kabla mkono haujamaliza kuzungusha ekseleta, pikipiki itafanya nini. Mgeni anakihitaji ili asianguke. Mzoefu anakihitaji ili akate kona kwa kasi anayoitaka. Na uwezo huo wa kutabirika una asili yake: sehemu imetoka kwenye umbo, sehemu kwenye kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), na sehemu kwenye sheria za leseni za Ulaya.

Tuanze na umbo. Pikipiki ninazozizungumzia ni zile zisizo na kava: injini, fremu na rejeta vinaonekana wazi, usukani umeinuka, mbele kuna taa na dashibodi ndogo, hakuna kioo cha kukinga upepo. Zamani pikipiki karibu zote zilikuwa hivyo. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1980, hasa Suzuki ilipotoa GSX-R750 mwaka 1985 na kuleta barabarani umbo la pikipiki za mashindano. Dereva akalazwa juu ya tangi, uzito wa kifua ukaangukia viganja, na plastiki ikafunika kila kitu. Zilikuwa pikipiki za kasi kweli, lakini kuzunguka nazo mjini ni adhabu ya mgongo, na zikianguka hata zikiwa zimesimama, kava moja lililopasuka linagharimu fedha nyingi.

Mwitikio haukuchelewa. Japani, mwaka 1989, Kawasaki ilirudisha umbo la zamani kwa Zephyr 400, na wanunuzi wakaikimbilia. Mwaka 1993 Ducati ya Italia ikaanza kuuza Monster, iliyochorwa na Miguel Galluzzi, ambaye alitwaa injini na fremu zilizokuwa tayari kiwandani na kuziunganisha bila kuzivisha chochote. Suzuki Bandit 600 ikafuata 1995, Honda Hornet 600 mwaka 1998. Usukani wa juu ulirudisha mgongo wima, macho yakaona mbali juu ya magari, na mikono ikapata nafasi ya kuisukuma pikipiki kulia na kushoto bila kutumia nguvu nyingi. Mwanafunzi anayegeuza katika uwanja mdogo anafaidika na hilo, na dereva wa miaka ishirini anayeshuka milima yenye kona kali anafaidika nalo vilevile.

Upepo nao una kazi yake. Kwenye kilomita 120 kwa saa, bila kioo mbele, unakugonga kifuani na kukuvuta shingo. Watu wengi huliona hilo kuwa kasoro tupu. Kwa safari ndefu ni kasoro kweli, na wengi hufunga kioo kidogo baadaye. Lakini kwa mtu anayeanza, mwili wake unamwambia kasi imepanda hata kabla hajatazama dashibodi. Aliyejificha nyuma ya kava kubwa hapati taarifa hiyo.

Bandit na Hornet zilikuwa na silinda nne. Pikipiki iliyofungua mlango ninaouzungumzia ni Suzuki SV650 ya mwaka 1999: silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la herufi V, pembe ya nyuzi 90, sisi 645, fremu ya alumini. Ilikuwa nyembamba kiunoni na yenye nguvu tangu mizunguko ya chini, na haikuuzwa kwa bei ya kutisha. Wanafunzi waliipenda, na wakati huohuo ikawa msingi wa mashindano ya vilabu Uingereza na Marekani, kwa sababu mtu wa kipato cha kawaida aliweza kuinunua ikiwa imetumika, akabadilisha shokapu, akaingia uwanjani. Kawasaki ikajibu kwa ER-6 mwaka 2005, ambayo silinda zake mbili zimesimama sambamba.

Kisha msukosuko wa kifedha wa 2008 ukaliangusha soko la pikipiki Ulaya. Vijana hawakuwa na fedha ya pikipiki kubwa, na wazee waliokuwa nazo hawakutaka nyingine. Yamaha ilitafuta pikipiki iliyo nafuu bila kuonekana ya masikini, na mwaka 2014 ikaleta MT-07. Nitaitumia hiyo kama mfano wangu mkuu, kwa sababu ndiyo inayoonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko nyingine yoyote.

Ina sisi 689, silinda mbili sambamba, pistoni zenye kipenyo cha milimita 80 zinazosafiri milimita 68.6. Inatoa kilowati 55, takriban nguvu farasi 74, na msukumo wa kuzungusha, ambao mafundi huuita torki, wa nyutonimita 68 kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika. Ikiwa na mafuta na oili, toleo la kwanza lilikuwa na kilo 179, au 182 lenye ABS, mfumo wa kuzuia tairi lisijifunge kwa breki. Kiti kiko milimita 805 kutoka chini. Tangi linabeba lita 14, na kwa mwendo wa kiasi zinakufikisha kilomita 300. Takwimu hizo ni nzuri, lakini siri haimo ndani yake. Imo kwenye kranki.

Injini ya silinda mbili sambamba inaweza kutengenezwa kwa namna tatu zilizo maarufu. Ya kwanza ni ile ya pikipiki za Kiingereza za zamani: pistoni zote mbili hupanda na kushuka pamoja. Milipuko inapishana kwa usawa, lakini mtikisiko ni mkubwa, maana vyuma vyote viwili husimama juu kwa wakati mmoja na kuanza kushuka kwa wakati mmoja. Ya pili ni ya kupishanisha kranki kwa nyuzi 180, kama katika ER-6 na ndugu zake: pistoni moja ikipanda, nyingine inashuka. Mtikisiko unapungua sana, ingawa bado pistoni zote husimama pamoja, moja juu na nyingine chini. Ya tatu ni ya nyuzi 270. Hapa pistoni moja ikiwa imesimama juu kabisa, mwenzake yuko katikati ya safari na anakwenda karibu na kasi yake ya juu kabisa.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini tairi la nyuma linaihisi. Kila pistoni inaposimama na kuanza upya, inauvuta mzunguko wa kranki nyuma na mbele, na mvutano huo unachanganyika na nguvu ya mafuta yanayoungua. Zikisimama zote pamoja, mvutano unarundikana. Zikipishana, mmoja anachukua kile anachokiachia mwingine, na kinachofika kwenye cheni ni nguvu ya moto karibu peke yake. Dereva anayefungua ekseleta akiwa amelala kwenye kona anasikia kupitia kiti kiasi gani cha nguvu kimefika chini na tairi limeshika kiasi gani. Yamaha iliwahi kutumia mpango huu katika TRX850 katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2009 ikaingiza fikra hiyohiyo katika R1 yake ya silinda nne, pikipiki ya kilele. Kwa hiyo hisia aliyotafutiwa dereva wa mashindano ndiyo iliyowekwa kwenye pikipiki ya anayeanza.

Kuna faida nyingine, ya mfukoni. Mpangilio wa nyuzi 270 unafanya milipuko ipishane sawasawa na ile ya injini ya V ya nyuzi 90, kwa hiyo mngurumo na mvuto vinafanana nayo. Lakini injini ya V ina vichwa viwili vya silinda, na kila kimoja kina kemshafti zake. Injini sambamba ina kichwa kimoja. Vyuma vinapungua, kazi kiwandani inapungua, na bei inapungua.

Msukumo wa MT-07, sehemu yake kubwa, unapatikana tangu mizunguko 3,000 hivi. Linganisha na Honda CB650R ya 2019, yenye silinda nne na sisi 649. Hiyo inatoa nguvu farasi 95, nyingi zaidi kabisa, lakini kwenye mizunguko 12,000. Mjini hakuna anayefika huko. Anayetoka kwenye taa za barabarani au anayepita lori kwenye mlima anakutana na nguvu ya mizunguko 3,000 hadi 6,000, na hapo Yamaha haina upungufu wowote. CB650R ni laini kama hariri na mlio wake ukipanda unasisimua, naiheshimu. Ila inamtaka dereva aitafute nguvu, na kuitafuta nguvu ni kazi ya anayejua anakotafuta.

Hata hivyo nguvu inayokaa chini ina hatari yake, na wauzaji hawaitaji. MT-07 za miaka ya kwanza zilikuwa na ekseleta ya waya na hazikuwa na mfumo wowote wa kuzuia tairi la nyuma lisiteleze. Mkono ukikaza kwa woga kwenye gia ya kwanza, tairi la mbele linanyanyuka. Aliyepita kwenye tuta huku ameshika ekseleta kwa kiganja kizima atasukumwa nyuma, atavuta zaidi, na pikipiki itamkimbia. Kutabirika maana yake ni kwamba pikipiki inafanya kile ulichoiagiza. Anayeagiza vibaya atapata alichoagiza.

Hapo ndipo sheria inapoingia, na bila sheria pikipiki hizi zisingekuwa hivi zilivyo. Tangu Januari 2013 nchi za Umoja wa Ulaya zimekuwa zikifuata ngazi tatu za leseni. Ngazi ya chini, A1, inaishia kwenye sisi 125 na kilowati 11. Ya kati, A2, inaishia kwenye kilowati 35, nguvu farasi 47 hivi, na nguvu hiyo isizidi kilowati 0.2 kwa kila kilo ya uzito. Ya juu, A, haina kikomo. Anayeipata kwa kupanda ngazi lazima awe amekaa na A2 kwa miaka miwili, na anayeiruka ngazi lazima kwa kawaida awe na umri wa miaka 24. Kuna sharti moja zaidi lenye uzito mkubwa: pikipiki iliyopunguzwa nguvu ili iingie A2 isiwe imetokana na pikipiki yenye nguvu zaidi ya mara mbili, yaani zaidi ya kilowati 70.

Sasa tazama pikipiki zenyewe. MT-07 ni kilowati 55. Triumph Trident 660 ya mwaka 2021, yenye silinda tatu, ni 60. Honda CB750 Hornet ya 2023 ni 67.5. CB650R imesimama kwenye 70 kamili. Zote zimekaa chini ya mstari uleule, au juu ya mstari wenyewe. Hata uzito una hesabu: kilowati 35 kwa kiwango cha 0.2 zinadai pikipiki isiyopungua kilo 175, na MT-07 ilizinduliwa ikiwa na 179. Ni kana kwamba wahandisi walichora wakiwa na kifungu cha sheria mezani. Matokeo yake kijana wa miaka 18 ananunua pikipiki iliyofungwa kwenye kilowati 35, anaitumia miaka miwili, anapata leseni kamili, kisha fundi anaifungua. Fremu, breki na kiti ni vilevile alivyovizoea. Mgeni na mzoefu katika hali hii ni mtu mmoja katika miaka tofauti.

Nchi nyingine zimechora mistari yao. Australia inaishia kwenye sisi 660 kwa wanaoanza, na Yamaha ikawatengenezea MT-07 ya sisi 655. Japani leseni ya kawaida inaishia kwenye sisi 400, ndiyo maana kwa Mjapani pikipiki ya kati ni kama Honda CB400 Super Four iliyoanza 1992, na sisi 700 kwake ni kubwa. Uingereza anayetaka leseni ya juu moja kwa moja anafanya mtihani kwenye pikipiki isiyopungua sisi 595 na kilowati 50. Anafundishwa barabarani huku mwalimu akimfuata nyuma na kuzungumza naye kwa redio ndani ya helmeti. Na popote Ulaya, kabla ya leseni, lazima aonyeshe kwamba anaweza kusimama kwa dharura na kukwepa kizuizi akiwa kwenye kasi ya kilomita 50 kwa saa.

Nimekaa kwenye habari hii ya mafunzo kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Anapoandika mwandishi wa Ulaya kwamba pikipiki fulani inamfaa anayeanza, anamaanisha anayeanza ambaye amepita kwenye mitihani hiyo. Sentensi hiyo haihamishiki kuja kwetu ikiwa peke yake. Tanzania daraja A la leseni linaanzia juu ya sisi 125 na haliweki ngazi nyingine kwa ukubwa wa injini. Mwenye Boxer ya sisi 150 na mwenye MT-07 wako daraja moja, ilhali Boxer ina nguvu farasi 12 na MT-07 ina mara sita ya hizo.

Je, dereva wa bodaboda aliyekaa miaka kumi barabarani ni mgeni au mzoefu? Ni swali ambalo vitabu vya Ulaya havilijibu. Mtu huyo anajua mizani ya mwendo wa polepole kuliko wanafunzi wote wa London. Anapenya kwenye foleni akiwa na abiria na gunia, anasoma mlango wa daladala kabla haujafunguka, anajua mchanga ulipo kwenye kona. Mambo hayo hayafundishwi kwa wiki moja. Lakini mikono yake imefunzwa na pikipiki nyepesi yenye breki za ngoma, ambayo wengi huisimamisha kwa mguu wa kulia. Kwenye pikipiki ya kilo 180 inayokwenda kilomita 100 kwa saa, kazi kubwa ya kusimama ni ya breki ya mbele, kwa sababu uzito mwingi unahamia mbele. Diski mbili zinazobanwa kwa vidole viwili zinataka mkono mpole unaoongeza nguvu taratibu. Anayekanyaga ya nyuma peke yake atahitaji umbali mrefu mno, na anayekamata ya mbele ghafla bila ABS atalifunga tairi. Namwona dereva huyu kuwa mgeni aliyetangulia wageni wengine kwa mbali, mwenye jambo moja kubwa la kujifunza upya. Ningetamani sana shule zetu za udereva ziwe na somo hilo la kusimama kwa dharura, hata kabla hatujafikiria ngazi za leseni. Halihitaji mitambo. Linahitaji uwanja, koni chache na mwalimu anayejua.

Barabara nazo zina neno lao. MT-07 ina nafasi ya milimita 140 kutoka chini, na shokapu zake husafiri milimita 130. Kwenye lami nzuri inatosha na kubaki. Kwenye matuta yetu, ambayo mengine yamejengwa kana kwamba ni ya kuzuia vifaru, utapunguza mwendo hadi karibu kusimama. Kwenye changarawe, tairi la nyuma la upana wa milimita 180 lenye uso wa lami linaelea. Anayeishi mwisho wa barabara ya vumbi asijidanganye: injini hii ataipata kwenye Ténéré 700 ya Yamaha, yenye nafasi ya milimita 240 kutoka chini, ila kiti chake kimepanda hadi milimita 875, na mtu wa kimo cha kawaida atagusa ardhi kwa ncha za vidole. Kila upande una gharama yake.

Spea ni suala ambalo huamua mambo mengi. Cheni na tairi za pikipiki ya sisi 150 utazipata kila kona ya mji. Tairi la 180/55 la inchi 17 huagizwa. Faraja ni kwamba injini yenyewe haisumbui: oili hubadilishwa kila kilomita 10,000 hivi kwa ratiba ya kiwanda, valvu hukaguliwa takriban kila kilomita 40,000, na inakunywa petroli ya kawaida isiyo na risasi. Kwenye vumbi na joto letu mimi ningebadilisha oili mapema zaidi, na chujio la hewa vilevile.

Ushindani je? Z650 ya Kawasaki, iliyochukua nafasi ya ER-6 mwaka 2017, ina nguvu farasi 68, kilo 187 na kiti cha milimita 790. Kwa mtu mfupi, ningemwelekeza huko bila kusita. Trident 660 ya Triumph ina silinda tatu na torki iliyotandazwa vizuri, na ilikuja na vifaa vya elektroniki ambavyo Yamaha ya wakati huo haikuwa navyo. Hornet 750 ni kali zaidi. Ni pikipiki ya mzoefu ambayo mgeni mwenye nidhamu anaweza kuimudu ikiwa imefungwa nguvu. Honda ya sisi 471 inatoa kilowati 35 ikiwa haijapunguzwa chochote, na kwa mtu anayeendesha peke yake mjini sioni anachokosa. Royal Enfield Interceptor 650 kutoka India, iliyotoka 2018, ina sisi 648 na nguvu farasi 47, nayo pia iko chini kidogo tu ya kilowati 35. Ni nzito, zaidi ya kilo 200, na breki zake hazina ukali wa Wajapani. Lakini haina rejeta, injini yake inapozwa kwa hewa na oili, muundo wake ni rahisi kuuelewa, na fundi mwenye akili ataifahamu upesi. Kranki yake? Nyuzi 270.

Na hapo kuna hukumu ya viwanda vyenyewe. Aprilia 660, BMW F 900 R, Hornet 750, Interceptor, zote zimeufuata mpango huo. Suzuki, iliyoishi kwa injini ya V tangu 1999, ilipotoa GSX-8S mwaka 2023 iliipa silinda mbili sambamba za nyuzi 270. Washindani hawaigi kitu kwa upendo.

MT-07 nayo ilikuwa na kasoro zake, na kubwa ni shokapu. Toleo la kwanza lilikuwa laini kupita kiasi: mbele lilizama ukibana breki, nyuma liliyumba kwenye kona yenye mabonde. Mgeni mwepesi anayekwenda taratibu hakuona tatizo. Mzoefu aliliona siku ya kwanza. Mwaka 2018 Yamaha ilikaza springi na kuweka njia ya kurekebisha shokapu ya nyuma. Mwaka 2021 diski za mbele zikakuzwa kutoka milimita 282 hadi 298. Toleo la 2025 ndilo lililoleta ekseleta ya elektroniki, mfumo wa kuzuia kuteleza na shokapu za mbele zilizo imara zaidi. Kumbe kilichokuwa kinamkwaza mzoefu, kilipotengenezwa, kilimfaa mgeni pia: shokapu isiyozama ghafla inamtuliza anayebana breki kwa hofu.

Klachi ndiyo mpaka wa sasa. Honda ilileta mfumo wake wa E-Clutch kwenye CB650R ya 2024: mkono wa klachi upo, lakini si lazima uushike, injini haizimi ukisimama. Yamaha mwaka 2025 ikaweka kwenye MT-07 chaguo la Y-AMT, lisilo na mkono wa klachi wala kanyagio la gia. Unabadilisha kwa kidole au unaiachia yenyewe. Wapo wanaosema huko ni kumdekeza mwanafunzi. Sikubaliani nao. Anayeanza ana mambo mengi ya kuangalia kwa wakati mmoja, na injini ikimzimikia katikati ya makutano inamweka hatarini. Na aliyezoea, akikwama saa nzima kwenye foleni ya Ubungo, mkono wake wa kushoto utashukuru. Ila ningependa kila mmoja ajifunze kwanza klachi ya mkono, kwa sababu ndiyo inayofundisha jinsi ya kuipa tairi nguvu kidogo kidogo.

Hukumu yangu basi ni hii. Pikipiki isiyo na kava ya sisi 650 hadi 750, ya silinda mbili, ndiyo chaguo bora kwa mtu anayetaka pikipiki moja ya lami ya kukaa nayo miaka mingi. Kwa asiyewahi kuendesha kabisa, Afrika Mashariki, haifai kuwa ya kwanza. Aanze na ya sisi 125 au 150, ajifunze kusimama kwa breki ya mbele, kisha aje. Kwa dereva wa bodaboda mwenye miaka yake, inafaa, akishapata mafunzo ya breki na kasi. Kwa mzoefu wa pikipiki kubwa anayechoka kusukuma kilo 230 kwenye maegesho, inafaa leo. Ukinunua MT-07 iliyotumika, tafuta ya 2018 au baada ya hapo. Ulaya ililazimisha ABS kwa pikipiki mpya zote za zaidi ya sisi 125 kufikia 2017, lakini zile za miaka ya mwanzo ziliuzwa pia bila ABS, na zinauzwa bado. Ukiletewa isiyo nayo, iache, hata bei ikushawishi vipi.